Televisheni juu ya meko ya kuotea moto: zibeni kwanza tundu lililotoa masizi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni binti wa Njombe, nafanya kazi Dar es Salaam. Sisi watoto tumechanga tukamnunulia baba televisheni ya inchi 55. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, ilijengwa mwaka 1978, na sebuleni kuna meko ya kuotea moto yenye dohani. Kuanzia Mei hadi Agosti moto unawashwa kila jioni. Kuni ni miwati na mikaratusi. Kaka zangu wanataka televisheni ikae juu ya meko kama wanavyoona kwenye picha za mitandaoni, pale ilipo picha ya harusi ya wazazi wetu. Rafu ya mbao iliyo juu ya meko iko sentimita 135 kutoka sakafuni na imetokeza sentimita 15. Kiti cha baba kiko mita 2.2 kutoka ukuta huo, kochi la wageni mita 3.2. Fundi mmoja alitoboa tundu la majaribio likatoka vumbi jeusi, akasema nyaya atazipitisha ndani ya dohani ili zisionekane. Baba naona hapendi, ila hasemi. Kulia kwa meko kuna sehemu iliyoingia ndani, upana mita 1.5, ina kabati la vitabu. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu aliyeko nyumbani umwambie mambo mawili: moto usiwashwe kwenye meko hayo mpaka tundu lizibwe, na fundi asirudi na drili. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki, hata mwezi. Hilo la tundu halisubiri.

Tofali la kuchoma likitobolewa hutoa vumbi jekundu. Plasta hutoa vumbi la kijivu. Vumbi jeusi ni masizi, na masizi yako sehemu moja tu katika ukuta ule, yaani kwenye njia ya moshi yenyewe. Kwa hiyo biti imepita tofali lote na kutokea upande wa pili. Sebule ya baba yako sasa imeunganishwa na dohani kwa tundu ambalo halikuwepo miaka yote tangu nyumba ijengwe.

Kaka zako watasema, mbona tuliwasha moto na hatukuona moshi ukitoka pale? Ni kweli wanaweza wasiuone. Moto ukiwaka vizuri dohani huvuta kwa nguvu, na tundu hilo badala ya kutoa moshi huvuta hewa ya sebuleni. Hatari inakuja baadaye, saa nne au saa tano usiku, miali ikiisha na kubaki makaa. Hapo dohani imeanza kupoa, mvuto umelegea, na makaa yanayofifia ndiyo yanayotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria inamnyemelea, akaenda kulala. Na Njombe mwezi Julai hakuna anayelala na dirisha wazi.

Kuliziba si kazi kubwa. Lisafishwe vumbi, lilowanishwe, kisha lijazwe saruji maalumu ya kuhimili moto, ile inayotumika kwenye majiko na matanuri, ikisukumwa kwa kijiti mpaka ndani kabisa. Saruji ya kawaida pale haifai. Joto la kila siku huipasua, na baada ya msimu mmoja tundu litakuwa limefunguka tena bila mtu kujua. Mkikosa saruji hiyo, tumieni udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga laini. Mafundi wa zamani walijenga dohani nzima kwa udongo wa namna hiyo. Liachwe likauke wiki moja. Siku ya kuwasha, anzeni na moto mdogo wenye majani mabichi kidogo ili moshi uwe mzito, madirisha yakiwa wazi, na mtu amulike pale kwa tochi, mwanzo na pia moto ukiisha. Hata uzi mwembamba wa moshi ukionekana, zimeni, mrudie kuziba.

Kuhusu nyaya ndani ya dohani, jibu ni hapana, na halina mjadala. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumbani una ganda la plastiki lililotengenezwa kuhimili nyuzi joto 70. Moshi wa moto wa kuni unapopanda dohani unaweza kupita 200 bila shida. Ganda litalainika, lichuruzike, shaba mbili zikutane. Tena kuni zenu ni za miwati na mikaratusi, na zikichomwa kabla hazijakauka vizuri huacha ndani ya dohani utando mweusi unaonata, ambao wenyewe ni kitu cha kuwaka. Cheche ya umeme katikati ya utando huo ni moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hamwezi kumwaga maji. Fundi aliyetoa wazo hilo huenda ni hodari kwa kazi nyingine, ila dohani haijui.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Kwa vipimo ulivyonipa, ushauri wangu ni kwamba televisheni isikae juu ya meko. Iwekeni upande wa kulia, lilipo kabati la vitabu. Nitakueleza kwa nini, halafu jinsi ya kuiweka, na mwishoni nitasema masharti endapo kaka zako watashikilia msimamo wao.

Picha wanazoziona mitandaoni nyingi ni za nyumba za Marekani na Ulaya, na meko mengi yanayoonekana humo si ya kuni. Ni ya gesi au ya umeme, yamefungwa kwa kioo, na ya gesi mara nyingi hutoa moshi wake kwa bomba la chuma linalopita nyuma ya ukuta. Mengine ya umeme ni taa tu zinazoigiza miali, na joto lake hutokea kwenye kipuliza kidogo. Ukuta wa juu yake mara nyingi ni fremu ya mbao iliyofunikwa jipsamu, ndani mna uwazi. Wa kwenu ni tofali tupu, na nyuma yake moshi wenyewe. Hayo ni majengo mawili tofauti hata kama kwenye picha yanafanana. Na nyumba ya baba yako ilipojengwa, mwaka 1978, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni; matangazo yalianza mwaka 1994. Aliyechora sebule ile alipanga viti vizunguke moto. Hakuacha mahali pa televisheni, na kosa si lake.

Uelewe jinsi meko yanavyofanya kazi, utaona kwa nini sehemu ile ndiyo mbaya kuliko zote. Juu ya mdomo wa meko kuna linta, ya zege au chuma, inayobeba matofali ya juu. Nyuma ya linta njia ya moshi inabanwa, mafundi huiita koo. Juu ya koo inapanuka tena kuwa chumba cha moshi, halafu inaelekea kwenye bomba refu linalotokea juu ya paa. Chumba hicho cha moshi, chenye joto kuliko sehemu zote za juu, kiko hasa nyuma ya pale inapowekwa picha au saa. Na ukuta wa mbele yake mara nyingi ni nusu tofali tu, kama sentimita 10 au 11. Ndiyo maana tundu la majaribio lilitokea kwenye masizi haraka namna ile.

Kwa hiyo televisheni ingepata joto kutoka pande mbili. Mbele, hewa ya moto inatoka mdomoni mwa meko na kupanda ikiusugua ukuta. Nyuma, tofali lenyewe linapata moto polepole na kulishika kwa muda mrefu. Watu huisahau hii ya pili. Baba yako akienda kulala na televisheni ikazimwa, tofali bado linaendelea kuitoa jasho kwa saa kadhaa.

Fungua kitabu cha maelekezo kilichokuja kwenye boksi. Kampuni nyingi zimeandika kwamba chombo kifanye kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi joto 40, na karibu zote zinakataza kukiweka karibu na chanzo cha joto. Ukienda na waranti yako huku wameona alama za joto, hawatakusikiliza. Na hizo 40 ni ukomo, si mahali pa kuishi. Televisheni yenyewe inajipasha moto ndani ikiwaka. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita, vijipipa vidogo vyenye majimaji ndani, na kanuni tunayotumia sisi mafundi ni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10, umri wa kapasita unapungua kwa nusu. Ambayo ingeishi miaka kumi ikakaa mitano, kisha miwili na nusu.

Nimewahi kufungua moja iliyoning'inia juu ya meko ya kuni kwa misimu miwili ya baridi, kwenye nyumba ya zamani huku nyanda za juu. Mwenye nayo aliniambia picha imekuwa na vivuli vyeusi. Nilipoinua kioo nilikuta vilenzi vidogo vinavyogundishwa juu ya taa za LED vimedondoka, gundi imelainika. Karatasi nyeupe zinazosambaza mwanga zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyokauka. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Na kote humo, juu ya bodi, kulikuwa na tabaka la masizi laini ambalo hata brashi halikulitoa lote. Televisheni huvuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa juu. Ikiwa chini yake kuna meko, kila mlango unapofunguliwa na moshi ukapigwa na upepo kurudi sebuleni, hiyo ndiyo hewa inayovutwa. Masizi ni kaboni, hupitisha umeme, na wakati wa masika hunywa unyevu. Yule bwana nilimrudishia chombo chake bila kukitengeneza, kwa sababu vipuri vingemgharimu karibu sawa na kununua kipya. Iliniuma, kwa sababu naye alikuwa amemnunulia mama yake.

Lakini msiniamini mimi tu. Pimeni, tundu likishazibwa na kukauka. Msitumie kipimajoto cha homa. Kile kinaishia nyuzi joto 42 na kikizidiwa kinapasuka. Nendeni duka la pembejeo mkanunue kile cha kuning'iniza kwenye banda la vifaranga, bei yake ni ndogo, na huenda jirani anacho. Kining'inizeni pale ambapo ukingo wa chini wa televisheni ungekaa, kama sentimita tano mbele ya ukuta. Washeni moto wa kawaida, kama wa jioni yoyote ya Julai, na mtu asome kila nusu saa kwa saa nne, kisha aendelee kusoma saa moja baada ya makaa kufifia. Andikeni namba.

Wafugaji wanajua kwamba kifaranga wa siku moja anahitaji kama nyuzi joto 32 hadi 35. Chukueni hiyo 32 kuwa mpaka wenu. Kipimo kikifika joto la kifaranga, hapo si mahali pa televisheni, hata kama 40 bado iko mbali, kwa sababu chombo kitajiongezea joto lake chenyewe juu ya hilo.

Na mna shahidi mwingine ambaye amekaa pale miaka mingi: picha ya harusi. Mwambie mtu aishushe kwa uangalifu. Aangalie ukuta nyuma yake, kama kuna mstatili msafi na pembeni rangi imepiga uhudhurungi. Apitishe kidole juu ya fremu. Aangalie karatasi ya mgongoni kama imejikunja au imekauka hadi inavunjika, na kioo kama kina utando wa manjano. Yaliyoipata picha hiyo ndiyo yatakayoipata televisheni, isipokuwa televisheni ina matundu ya kuvutia ndani.

Joto ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni shingo ya baba yako, na hapa vipimo vyako vimenisaidia sana.

Televisheni ya inchi 55 ina urefu wa kwenda juu kama sentimita 70 na upana kama 123. Rafu iko sentimita 135; acheni nafasi ya sentimita 25 juu yake ili hewa ipite, ukingo wa chini unakuwa 160, na katikati ya kioo inakuwa kama 195. Macho ya mzee aliyekaa kwenye kiti cha chini yako kama sentimita 100 kutoka sakafuni. Tofauti ni sentimita 95, naye yuko mita 2.2 tu. Hapo atainua macho kwa digrii 23. Wa kwenye kochi, mita 3.2, atainua kama digrii 16. Mimi sipendi izidi 15 kwa mtu yeyote, na kwa mzee napenda iwe sifuri au chini yake kidogo, kama mtu anayesoma kitabu kilichosimamishwa mezani. Digrii 23 kwa dakika tano hazina neno. Kwa taarifa ya habari ya saa mbili, kisha mpira, kisha tamthilia ya wajukuu, kila siku, ni maumivu ya shingo ambayo hatayasema, kama ambavyo sasa hasemi.

Kama kaka zako hawapendi hesabu, wafungue boksi la televisheni, wakate kipande cha ukubwa wa kioo, wakibandike ukutani kwa karatasi ya gundi, ukingo wa chini sentimita 160. Kisha mmoja wao akae kwenye kiti cha baba, si kwenye kochi, asikilize taarifa ya habari yote kwenye redio huku macho yakiwa katikati ya boksi. Nusu saa inatosha.

Kuna na jambo la kioo chenyewe. Aina nyingi za bei ya kati zinapoteza weusi wa picha ukizitazama kutoka chini au pembeni; sura za watu zinapauka. Mtachanga fedha zote hizo halafu anayekaa mbele kuliko wote ndiye aone picha mbaya kuliko wote.

Sasa upande wa kulia. Upana wa mita 1.5 unatosha: televisheni inachukua 123, zinabaki sentimita 13 kila upande. Kama mnaweza, isogezeni kidogo mbali na ukuta wa dohani, kwa sababu ubavu wa dohani nao hupata joto, ingawa si kama mbele. Moto wa wazi unatupa joto lake mbele, chumbani; kilicho pembeni, tena kimeingia ndani, hakipigwi moja kwa moja. Mng'ao wa miali pia hautaakisiwa kwenye kioo, kama ambavyo ungeakisiwa mngeiweka ukuta wa mkabala. Kabati la vitabu lihamie kushoto au ukuta wa nyuma, lakini muulizeni baba kwanza kitabu gani anakisoma kila siku, hicho kibaki karibu naye.

Ukuta huo pengine ni wa nje. Tazameni kama una alama za unyevu, rangi iliyovimba au ukungu mweupe wa chumvi. Kama upo, tafuteni chanzo kwanza, mara nyingi ni gata au paa, kabla ya kuweka chombo cha umeme pale.

Nunueni breketi ya mkono, ile inayovutwa mbele na kugeuzwa, si ile bapa. Kwa sababu kiti cha baba kinatazama moto, televisheni itakuwa kulia kwake, na mkono utaigeuza imwelekee. Nyuma ya televisheni kuna matundu manne ya skrubu. Pimeni umbali kati yake kwa milimita, kwenda pembeni na kwenda juu, kwa mfano 200 kwa 200 au 400 kwa 300, na muuzaji ahakikishe breketi inakubali kipimo hicho na uzito ulioandikwa kwenye boksi. Urefu: ukingo wa chini sentimita 65 kutoka sakafuni, katikati itakuja sentimita 100, sawa na macho ya mzee. Wageni wataona ni chini. Wakae, wataacha kuona hivyo.

Breketi ya mkono ina tabia moja ya kuheshimiwa. Televisheni ya kilo 16 ikivutwa nusu mita mbele, skrubu za juu zinavutwa kwa nguvu kubwa kuliko kilo 16. Na matofali ya kuchoma hayalingani. Yaliyokuwa katikati ya tanuri yameiva, ukiyagonga kwa nyundo yanalia. Ya pembeni yana sauti ya kufa, na yanameguka. Mwambie fundi, na awe mwingine, akwangue plasta kidogo agonge kabla ya kutoboa. Atoboe katikati ya tofali, kamwe si kwenye maungio, maana nyumba nyingi za miaka ile huko ziliunganishwa kwa udongo na udongo haushiki fisha, kile kiplastiki kinachoingizwa tunduni ili skrubu ishike. Aanze bila nyundo ya drili, kwa kuzungusha tu, biti ya milimita 10, fisha ya milimita 10, skrubu nene zisizopungua urefu wa sentimita 8.

Kama matofali ni laini, msilazimishe. Chukueni ubao mgumu, mninga au mkaratusi uliokauka, upana wa inchi sita na unene wa inchi mbili, ushikwe ukutani kwa skrubu nane zilizosambaa kwenye matofali tofauti, ndipo breketi ifungwe kwenye ubao. Mzigo ukigawanywa kwa matofali nane, hakuna linalobeba peke yake. Nimefanya hivi kwenye nyumba nyingi za zamani na sijaitwa kurudi.

Breketi ikishafungwa na pimamaji ikakubali, msiipandishe televisheni siku hiyo. Vuteni mkono hadi mwisho, ning'inizeni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, iache mpaka asubuhi. Ndoo hiyo inazidi televisheni yenu kwa uzito. Asubuhi pimeni tena kwa pimamaji. Ikiwa imeinama, au plasta ina ufa mpya kuzunguka skrubu, ni bora mjue hapo kuliko baadaye.

Umeme nitausema kwa ufupi. Soketi mpya iwekwe na fundi umeme mwenye leseni, nyuma ya kioo lakini pembeni ili plagi isibanwe. Bomba la nyaya lipande wima kutoka chini, lisikate ukuta mshazari, maana atakayetoboa miaka ijayo atajua tu kuwa waya huwa juu au chini ya soketi. Bomba la pili, la inchi moja na nusu, liwe la waya wa king'amuzi, kwa sababu kichwa cha waya wa HDMI hakipiti kwenye bomba jembamba. King'amuzi kikae kwenye meza ndogo chini yake, na hapo waya wa mita mbili unatosha. Wekeni na kinga ya umeme inayochelewesha kuwasha. Umeme ukikatika na kurudi ghafla huko vijijini, huwa wa kwanza kuua bodi.

Nimeahidi masharti kwa kaka zako. Kama kipimajoto kwa jioni tatu mfululizo hakikufika 32, na kama wako tayari kubadilisha rafu ya sentimita 15 iwe ya 25 hadi 30 ili itupe hewa ya moto mbele mbali na kioo, basi inawezekana. Lakini hakuna skrubu itakayoingia zaidi ya sentimita sita kwenye ukuta wa mbele ya dohani, wala kwenye linta, na msitumie bolti za kupanuka, kwa maana tofali linalopata joto na kupoa kila siku hupasuka zinapolikaza. Nyaya zipite juu ya plasta, ndani ya trankingi, ule mfereji wa plastiki wenye kifuniko, zikishuka ubavuni. Kwa ajili ya shingo ingebidi breketi ya kushusha, inayoiteremsha televisheni mbele ya meko, na hiyo mtaitumia tu moto ukiwa haujawashwa. Yaani kuanzia Mei hadi Agosti, miezi ambayo baba yako anakaa sebuleni kuliko miezi mingine yote, isingeshuka. Wasomee sehemu hii kama ilivyo, waamue.

Rafu ya mbao, kwa vyovyote vile, ikaguliwe upande wa chini. Kama imegeuka nyeusi au inamomonyoka ukiikwaruza kwa kisu, imekuwa ikiungua polepole bila mtu kujua, na ibadilishwe kabla ya baridi ijayo. Na kama dohani haijasafishwa mwaka huu, isafishwe sasa, wakati moto umezimwa kwa ajili ya tundu.

Picha ya harusi irudi pale pale wiki ya tundu ikiisha na moshi ukishajaribiwa. Ining'inizwe kwenye msumari uleule wa zamani, msipigilie mpya. Ila isikae juu ya kiraka. Kiraka kibaki kinaonekana, ili baba yako akiwa kwenye kiti chake aweze kukitazama kila jioni na kusema mapema kikianza kupasuka.